Laguardia, Hispania: je, mji wa mvinyo unamfaa mama asiyekunywa pombe?

Binti wa Hombolo aliuliza:

Shikamooni wakubwa, na salamu kwa wenzangu wote. Mwishoni mwa Septemba nitakuwa Bilbao kwa mkutano wa kikazi, na mama yangu mzazi atafuatana nami. Mkutano ukiisha tutakuwa na siku chache za mapumziko, na badala ya kuzimalizia katika jiji kubwa ningependa kumpeleka Laguardia, ule mji mdogo wenye ukuta wa kale ulioko juu ya kilima katika eneo la Rioja Alavesa. Sisi ni wakulima wa zabibu huko Hombolo, Dodoma, na mama amepogoa mizabibu tangu usichana wake, kwa hiyo nadhani ataona mengi ambayo mtalii wa kawaida angeyapita bila kuyatambua.

Hata hivyo, nina mashaka. Mama ameokoka na hagusi pombe hata kidogo, magoti yake yanamsumbua anapopanda ngazi, na hatutakuwa na gari. Je, mtu asiyekunywa ana la kufanya katika mji ambao kila ninachosoma juu yake kinahusu kuonja mvinyo? Je, tunaweza kufika kwa basi, na ni busara kulala palepale au kwenda na kurudi? Ningeshukuru kujibiwa na waliowahi kufika huko.

Mkazi wa Bilbao alijibu:

Marahaba, mwanangu. Karibuni sana huku kwetu, na umpe mama salamu zangu.

Nianze na usafiri kwa kuwa ndio jambo rahisi. Kutoka Bilbao mtapanda basi hadi Logroño, safari ya takriban saa mbili, kisha hapo Logroño mtabadilisha na kupanda basi liendalo Vitoria kupitia Laguardia, ambalo huwafikisha chini ya kilima katika muda usiozidi nusu saa. Angalieni ratiba mapema, hasa kama safari yenu itaangukia Jumapili, kwa maana mabasi ya vijijini hupungua siku hiyo, na kumbukeni kwamba ratiba zao huandikwa kwa saa za Kizungu, hivyo 14:00 ni saa nane mchana.

Kuhusu magoti ya mama, habari ni njema kuliko unavyodhani. Kazi ni kupanda kutoka barabara kuu hadi kwenye malango, na hapo ni vyema mkapanda taratibu au mkatafuta teksi. Mkishaingia ndani ya ukuta, mji wenyewe ni mwembamba na mrefu, una mitaa mitatu mikuu inayokwenda sambamba, na mwinuko wake si mkali. Tena, magari hayaruhusiwi kuingia. Sababu yake ndiyo inayoufanya mji huu uwe wa pekee: chini ya nyumba zake kuna mahandaki zaidi ya 200 yaliyochimbwa kwa mikono, ambayo mengi yake yalianza kama maficho na njia za kutorokea wakati wa vita, kisha yakageuzwa kuwa maghala ya kutengenezea na kuhifadhia mvinyo. Ardhi iliyo wazi kiasi hicho haiwezi kubebeshwa mtikisiko wa malori. Ukitembea mtaani utaona matundu madogo yenye nondo usawa wa miguu, chini ya kuta za nyumba. Mwombe mama asimame karibu na mojawapo na kuweka kiganja chake hapo, naye atasikia hewa ya baridi ikipanda kutoka chini hata kama jua ni kali.

Kuna familia na viwanda vidogo vinavyopokea wageni katika mahandaki hayo, lakini ni lazima kuweka nafasi mapema, na ni lazima kuuliza juu ya ngazi, kwa sababu nyingi ni nyembamba, za mawe, na huwa na unyevunyevu. Kama mama atashuka, avae viatu visivyoteleza na abebe sweta. Kuonja mvinyo si sharti. Semeni tangu mwanzo kwamba mmoja wenu hanywi, nao watampatia mosto, yaani maji ya zabibu yasiyochachuka, ambayo katika baa za huku ni kinywaji cha heshima kabisa na hutolewa kwa glasi nzuri pamoja na kipande cha chungwa au zeituni. Hakuna atakayemshangaa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mimi ningemfungia safari mama mcha Mungu hata kama mzabibu usingekuwepo. Katika kanisa la Santa María de los Reyes, upande wa kaskazini wa mji, kuna lango la mawe lililochongwa katika karne ya 14, na rangi zake tunazoziona leo zilipakwa mwishoni mwa karne ya 17. Mahali pengi Ulaya malango ya namna hii yamebaki mawe matupu kwa sababu mvua na jua vimekula rangi yote, lakini hili lilijengewa ukuta na paa mbele yake, hivyo nyekundu, buluu na dhahabu zake zingalipo. Bikira Mariamu amesimama katikati akiwa na mtoto, mitume wamejipanga pande zote mbili, na juu yao yamechongwa matukio ya maisha yake. Huingii ovyo, unajiunga na kundi lenye kiongozi, na tiketi huulizwa katika ofisi ya utalii ya mji. Maelezo huwa ya Kihispania, ila mtu aliyelelewa katika Biblia hatahitaji mkalimani sana.

Mkitoka hapo, nendeni kwenye matembezi ya El Collado, bustani yenye miti na mabenchi nje kidogo ya ukuta, ambako mtaona safu ya milima ya Sierra de Cantabria na mashamba ya mizabibu yakishuka chini yake. Milima hiyo huzuia mawingu na baridi ya bahari ya Atlantiki. Bila yake zabibu za Rioja Alavesa zisingeiva vizuri.

Fundi Mizabibu alijibu:

Dada, mimi nilizaliwa Mpunguzi, na sasa nasomea kilimo cha mizabibu huku Hispania, kwa hiyo swali lako limenigusa. Mzee aliyetangulia amesema vyema kuhusu mji, nami nitazungumzia shamba, kwa sababu kwa maoni yangu mama yako atafurahia zaidi nje ya ukuta kuliko ndani.

Jambo la kwanza litakalomshangaza ni kwamba mizabibu mingi ya zamani huko haina nguzo wala waya. Imepogolewa ikawa mifupi, shina moja nene lenye mikono michache, na kila mmea unajitegemea kama kichaka. Udongo ni wa mfinyanzi uliochanganyika na chokaa, mweupe ukikauka, na aina inayotawala ni Tempranillo. La pili ni majira. Sisi Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka kwa kuwa hatuna baridi ya kuulaza mmea, na tunauamsha wenyewe kwa kupogoa. Wao huvuna mara moja tu, kwa kawaida kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi Oktoba, na wakati wa baridi mmea hupukutisha majani yote ukalala. Mkifika katika tarehe ulizotaja mtakuta matrela yaliyojaa zabibu yakipita barabarani.

La tatu ni namna ya kutengeneza mvinyo mpya wa wakulima wadogo. Hawapondi zabibu kwanza. Vishada vizima, pamoja na vikonyo vyake, humiminwa katika birika kubwa la mawe au la saruji, na uchachukaji huanza ndani ya punje yenyewe ikiwa bado nzima, kabla ya kukanyagwa na kukamuliwa. Mvinyo huo hunywewa ukiwa mchanga, ndani ya mwaka mmoja hivi. Huu ndio utaratibu wa zamani wa Laguardia na vijiji vinavyouzunguka. Mapipa ya mwaloni yalikuja baadaye. Mwaka 1862 serikali ya mkoa wa Álava, ulimo mji wa Laguardia, ilimwajiri mtaalamu kutoka Bordeaux, Ufaransa, Jean Pineau, awafundishe wakulima kukomaza mvinyo kwenye mapipa kwa mtindo wa Médoc, eneo la mvinyo la huko Bordeaux. Wengi waliona kwamba gharama ya mapipa na miaka ya kusubiri malipo haviwezekani kwa mtu mwenye shamba dogo, na mpango ulipokwisha mwaka 1868, Pineau aliajiriwa na kiwanda cha Marqués de Riscal katika kijiji jirani cha Elciego, ambacho kilikuwa na mtaji wa kusubiri. Nakuomba umsimulie mama habari hiyo mkiwa njiani, kisha umwulize ni wangapi huko kwetu wanaouza zabibu au mchuzi wa zabibu, yaani maji yake yaliyokamuliwa, kwa bei ya siku hiyohiyo kwa sababu ada za shule haziwezi kusubiri pipa. Leo hii sheria za Rioja zinataka mvinyo mwekundu unaoitwa Gran Reserva ukae miaka mitano kabla ya kuuzwa, miwili kati yake ikiwa ndani ya pipa. Ni wachache wenye uwezo huo popote pale.

Elciego ni kilomita chache tu kutoka Laguardia. Hoteli ya kiwanda hicho, iliyosanifiwa na Frank Gehry na kufunguliwa mwaka 2006, ina mapaa ya chuma yaliyojikunja kama utepe, yenye rangi ya waridi, dhahabu na fedha. Sioni haja ya kuilipia. Inaonekana vizuri kutoka barabarani, na mama akicheka atakuwa na haki yake.

Safari Taratibu alijibu:

Natofautiana kidogo na waliotangulia kuhusu malazi, ambayo hawajayajibu. Kwa msafiri asiye na gari ni nafuu kulala Logroño, mji mkubwa wenye stendi, hospitali na hoteli za bei mbalimbali, kisha kwenda Laguardia asubuhi na kurudi jioni. Isipokuwa jihadharini na tarehe: sikukuu za San Mateo, ambazo huadhimisha mavuno, huangukia karibu na tarehe 21 Septemba, na wiki hiyo Logroño hujaa watu, kelele na bei za kushangaza.

Neno moja pia kuhusu chakula, kwa manufaa ya Waislamu watakaosoma uzi huu. Viazi vya mtindo wa Rioja huonekana kama mchuzi wa kawaida mwekundu, kumbe hupikwa na soseji ya nguruwe. Ulizeni kabla ya kuagiza. Nyama ya mbavu za mwanakondoo, zinazochomwa juu ya moto wa matawi makavu ya mzabibu, haina nguruwe, ingawa uchinjaji wake ni suala jingine.

Binti wa Hombolo aliandika:

Asanteni sana, tena sana. Nimemsomea mama majibu yote, naye ameuliza swali moja tu: je, akimwona mkulima shambani anaweza kusimama na kuzungumza naye, au atafukuzwa kama mwizi? Anataka hasa kuona wanavyopogoa na kuuliza wanapambana vipi na ukungu wa majani. Kuhusu malazi, nimebaki njia panda.

Fundi Mizabibu alijibu:

Hatafukuzwa, ila achague wakati wake. Asubuhi ya mavuno kila mtu yuko mbioni, kwa kuwa zabibu iliyokatwa haipaswi kukaa juani, na wengi mtakaowaona wakikata ni vibarua wa msimu, wakiwemo vijana wengi wa Afrika Magharibi na wa Maghreb, yaani Afrika Kaskazini, ambao hawana ruhusa ya kusimama na kupiga soga. Msiwapige picha bila kuwaomba. Njia bora ni kumwandikia mapema mkulima mwenye kiwanda kidogo cha familia na kumweleza waziwazi kwamba anakuja mkulima mwenzake kutoka Tanzania, anayetaka kuliona shamba kuliko kuonja. Ombi la namna hiyo hawalipati kila siku, na nimeona wenyewe wakiacha wageni wa kawaida kwa msaidizi ili wamshughulikie mtu anayejua mkasi wa kupogolea unavyoshikwa. Kuhusu ukungu, atawakuta wakitumia salfa na dawa za shaba kama tunavyozijua sisi, na hapo mazungumzo yatajiendesha yenyewe hata kwa ishara. Msichume hata punje moja bila kupewa.

Mkazi wa Bilbao alijibu:

Nimtetee Laguardia kwa heshima zote, ndugu Safari Taratibu. Hoja ya bei naikubali, lakini mgonjwa wa magoti ni bora apande kilima mara moja akalala kuliko kukimbizana na basi la jioni. Isitoshe, mji huo huwa wa wageni kuanzia asubuhi hadi alasiri. Makundi ya mabasi yakishaondoka, wenyeji hutoka na viti vyao. Jikoni hufunguliwa kama saa nane mchana kwa chakula cha mchana na karibu saa tatu usiku kwa chakula cha jioni, na kati ya hapo maduka mengi hufungwa, hivyo mwenye chumba karibu ana mahali pa kumpumzisha mama wakati ambapo anayesubiri basi anazunguka juani.

Binti, ukiamua kulala humo, omba chumba cha chini, kwa sababu nyumba za kale nyingi hazina lifti. Pangeni pia kuwa uwanjani, Plaza Mayor, saa sita mchana kamili. Saa ya jengo la manispaa ikigonga, vikaragosi vilivyovaa mavazi ya jadi hutoka na kucheza ngoma ya sikukuu ya mji. Mabenchi hujaa haraka, kwa hiyo mwahisheni mama dakika kumi.