Mechi 13, ushindi 13, na bado wakaachwa nje: Florida State walionewa mwaka 2023?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Juzi kijiweni nimebishana na jamaa mpaka chai ikapoa, nikaona niulete ubishi huu hapa.

Florida State, msimu wa 2023, futiboli ya vyuo Marekani. Walicheza mechi 13 wakashinda zote. Wakabeba ubingwa wa ACC, moja ya jumuiya tano kubwa za vyuo wakati ule. Jumapili ya Desemba 3 kamati ikataja timu 4 za kucheza mtoano wa ubingwa wa taifa: Michigan, Washington, Texas, Alabama. Florida State wa 5. Texas walikuwa wamefungwa mara moja, na Alabama hali kadhalika. Tangu mtoano huo uanze mwaka 2014, bingwa wa jumuiya kubwa aliyemaliza bila kufungwa hakuwahi kuachwa. Wao ndio walifungua dafina.

Kwa asiyefuatilia mpira ule wa yai: vyuo vya daraja la juu ni zaidi ya 130, kila kimoja kinacheza mechi 12 hivi kabla ya fainali za jumuiya, kwa hiyo hakuna msimamo mmoja wa ligi kama tuliouzoea. Watu 13, wakiwemo wakurugenzi wa michezo wa vyuo na makocha wa zamani, wanajifungia hotelini na kupanga nani wa kwanza, nani wa pili.

Sababu waliyotoa? Novemba 18, kwenye mechi ya North Alabama, Jordan Travis alivunjika mguu. Huyo ndiye kwotabeki, mtu anayeanzisha karibu kila shambulizi. Mbadala wake, Tate Rodemaker, akawafunga Florida, chuo kingine cha jimbo hilohilo, 24-15 kwao Gainesville, naye akaumia kichwa. Fainali ya ACC akaanza mtoto wa mwaka wa kwanza, Brock Glenn, chaguo la tatu. Wakamfunga Louisville 16-6. Mwenyekiti wa kamati, Boo Corrigan, akasema bila Travis hii si timu ile ya wiki 11 za mwanzo.

Nimesoma Tallahassee, mji wa Florida State, miaka miwili, sifichi upande wangu. Lakini hata ningekuwa sina upande ningeuliza: ushindi uliokwisha kupatikana uwanjani unafutwaje kwa ubashiri? Fikirieni Yanga amalize ligi bila kufungwa, mshambuliaji wake avunjike mguu mwezi wa mwisho, halafu TFF ikae kikao na kusema nafasi ya kimataifa apewe mwingine kwa sababu "anaonekana yuko vizuri zaidi". Nchi ingelala?

Naomba kuwasilisha.

Dereva wa Birmingham

Mkuu, mimi naendesha lori huku Alabama mwaka wa tisa sasa, kwa hiyo upande wangu nao ujulikane.

Umesimulia vizuri ila umeruka kitu. Siku ileile mliyomfunga Louisville, Alabama ilimfunga Georgia 27-24. Georgia bingwa wa taifa mara mbili mfululizo, aliyekuwa ameshinda mechi 29 bila kupoteza. Huo ndio ushindi mkubwa kuliko wote wa msimu ule, na haukuwa ubashiri, ulikuwa uwanjani kama unavyotaka.

Pili, kanuni za kamati zilikuwa zimeandikwa kabla Travis hajaumia. Zinairuhusu kuangalia kukosekana kwa mchezaji au kocha muhimu, hata kwa athari za mechi zinazokuja. Msiseme sheria ilitungwa usiku.

Mgeni wa mchezo

Samahani wakuu, mimi ni mtu wa soka. Kwa hiyo mchezaji mmoja kati ya 11 ndiyo timu nzima?

Mwalimu wa hesabu

Mgeni, si 11 tu. Wanaoshambulia ni 11, wakipoteza mpira wanatoka, wanaingia 11 wengine wa kuzuia. Kwotabeki hazuii hata siku moja. Ndiyo maana hoja ya kamati inanikera: ukuta wa Florida State, ule wenye akina Jared Verse na Braden Fiske, ulikuwa mzima. Louisville hakuvuka mstari wa mwisho hata mara moja, alipata pointi 6 za mateke mawili tu. Nusu ya timu ilikuwa katika ubora wake, lakini ikahukumiwa kwa jeraha la nusu nyingine.

Na rudini nyuma kidogo. Mwaka 2014 Ohio State walifika fainali ya jumuiya yao wakiwa na kwotabeki wa tatu, Cardale Jones. Wakamfumua Wisconsin 59-0, kamati ikawapa nafasi ya 4 wakati walishafungwa mechi moja, na kijana huyohuyo akamfunga Alabama 42-35, kisha Oregon 42-20. Ubingwa. Kwa hiyo kamati iliwahi kumuamini kwotabeki wa tatu, na haikujuta.

Dereva wa Birmingham

59-0, mwalimu. Umeandika mwenyewe. Nyinyi mlishinda 16-6 mkihema.

Mwalimu wa hesabu

Basi tuseme ukweli kwamba kanuni ni "shinda kwa kupendeza". Iandikwe hivyo, kila mtu ajue.

Ila mimi nina nadharia yangu. Tatizo la Florida State halikuwa mguu wa Travis peke yake, lilikuwa fundo la Texas. Septemba 9 Texas walikwenda Tuscaloosa, kwenye uwanja wa watu 100,000, wakamfunga Alabama 34-24. Sasa kamati ikitaka kumwingiza Alabama, haiwezi kumwacha Texas aliyemfunga nyumbani kwake. Michigan na Washington hawagusiki, wote 13-0. Nafasi zilizobaki ni mbili, na ukishamtaka Alabama zote mbili zimekwisha. Angalieni kichekesho chake: ushindi wa uwanjani uliheshimiwa sana kati ya Texas na Alabama, halafu hapohapo, mstari mmoja chini, haukuheshimiwa.

Mleta mada

Mwalimu umeua. Na anayesema ratiba yetu ilikuwa laini akumbuke tulimfunga LSU 45-24, LSU yenye Jayden Daniels aliyetwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka uleule. LSU na Florida wote ni wa SEC, jumuiya ya huyo Alabama. Mechi mbili za SEC, ushindi mbili.

Mchokozi

Hivi hakuna anayetaka kutaja 63-3? Au mnasubiri mimi nionekane mbaya?

Desemba 30, Orange Bowl, moja ya mechi za kufunga msimu ziitwazo bowl, Florida State dhidi ya Georgia, huyohuyo aliyefungwa na Alabama. SITINI NA TATU kwa tatu. Hakuna bowl iliyowahi kuisha kwa tofauti kubwa hivyo. Alabama siku mbili baadaye alimsukuma Michigan, bingwa wa mwaka ule, mpaka muda wa nyongeza, akafungwa 27-20. Kamati iliona mbali, kesi imefungwa, tukalale.

Mleta mada

Nilijua utakuja. Haya.

Timu iliyopigwa 63-3 siyo iliyoshinda 13. Wachezaji zaidi ya 20 hawakucheza siku ile. Wengine walikuwa wanajiandaa kwenda NFL, ligi ya kulipwa, na hawakutaka kuumia kwa mechi isiyo na ubingwa, wengine walishaanza kutafuta chuo kingine, akiwemo Rodemaker. Sasa wewe unamfukuza mtu harusini, anakwenda kulala na njaa, asubuhi unampima uzito na kusema mnaona, huyu ni dhaifu, tulifanya vizuri kumfukuza. Yale matokeo yalizaliwa na uamuzi wa kamati. Hayawezi kugeuka kuwa shahidi wake.

Travis mwenyewe, siku ya kutangazwa, aliandika kwamba anatamani angevunjika mguu mapema zaidi ili watu waone timu ile ilikuwa zaidi ya kwotabeki. Kijana wa watu amelala na mguu wake, anaomba radhi kwa kuumia. Hilo ndilo linaniuma kuliko 63-3 yako.

Mchokozi

Wachezaji wa Georgia nao walikuwa na hasira ya kuachwa, na wengi walicheza. Hasira ikikutoa uwanjani badala ya kukuingiza, nayo ni habari kuhusu timu.

Dada wa Nairobi

Mchokozi leo amesema kitu, jamani. Lakini ninyi wote mnazunguka mbuyu. Hii ni pesa. Televisheni ya michezo ya ESPN ndiyo inayorusha mtoano, na ndiyo iliyokuwa inachukua haki zote za SEC kuanzia 2024. Mtoano usio na timu ya SEC ungetazamwa na nani kule Kusini? Florida State wenyewe walielewa, Desemba 22 wakaenda mahakamani dhidi ya ACC kutafuta njia ya kutoka.

Mwalimu wa hesabu

Dada, kwamba ESPN inafaidika ni kweli. Kwamba iliwaambia watu 13 wapige kura vipi, hilo hakuna aliyeleta ushahidi. Na ESPN hiyohiyo ndiyo inayorusha ACC, kwa mkataba mrefu mpaka 2036. Kesi ya Florida State ilihusu zaidi mgawo mdogo wa fedha na faini ya kujitoa, ikaisha kwa maelewano Machi 2025. Hasira dhidi ya kamati ilikuwa petroli, kuni zilikuwa zimekauka siku nyingi.

Mgeni wa mchezo

Na siku hizi ikoje? Bado wanajifungia hotelini?

Dereva wa Birmingham

Wanajifungia, ila kuanzia msimu wa 2024 wanachagua 12, na mabingwa watano wa jumuiya wanaingia moja kwa moja. Kwa utaratibu huo Florida State ya 2023 ingeingia bila kuulizwa. Kwa bahati mbaya mwaka ulipobadilika wao wakashinda mechi 2 wakafungwa 10. Sicheki, mkuu. Nacheka kidogo.

Mleta mada

Cheka. Agosti 30, 2025 Alabama walikuja Tallahassee, wakarudi wamefungwa 31-17. Barabara ya kurudi Birmingham uliionaje?

Dereva wa Birmingham

Hiyo ilikuwa timu nyingine na mwaka mwingine, huwezi kuihesabu kwenye hoja ya 2023.

Mleta mada

Ndivyo nilivyosema kuhusu 63-3.

Mwalimu wa hesabu

😂😂 Dereva, weka breki.

Dereva wa Birmingham

Sawa, hapo umenikamata. Naongeza hata moja ya kujichoma: wiki moja kabla ya Georgia, kule Auburn, tulikuwa nyuma 24-20, zimebaki sekunde chache, jaribio la mwisho, tunahitaji yadi 31. Kwotabeki wetu Milroe akarusha, Isaiah Bond akadaka pembeni kabisa. Mpira ule ukianguka, Florida State yuko ndani na uzi huu haupo.

Lakini nami nikuulize swali moja, unijibu kwa haki. Ile 16-6 ya Louisville kwa saa za huko ilianza saa kumi alfajiri. Uliitazama yote?

Mleta mada

Niliamka saa tisa na nusu, nikachemsha kahawa, nikavaa jezi.

Dereva wa Birmingham

Sijauliza jezi.

Mleta mada

Robo ya tatu nilipitiwa na usingizi.