Kukata majina na zawadi za mbao: fremu ya mkono, jigso, skroli au leza?

Kapi la Mninga (Morogoro)

Wakuu, habari za jioni. Mchana niko ofisini, jioni niko kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Mwezi wa pili nilimkatia mdogo wangu zawadi ya sendofu: majina ya maharusi yameshikana, playwudi ya milimita 12, jigso (msumeno wa umeme wa kushika mkononi) ya kuazima. Ukiwa mlangoni yanapendeza. Ukisogea karibu utaona kwenye mizunguko ya "s" na "e" jigso iligoma kukata kona, ikararua uso wa juu, nami nikahangaika na tupa na msasa siku mbili nzima.

Ajabu ni kwamba oda zimeanza kuja. Majina ya watoto ya kubandika mlangoni, saa za ukutani zenye umbo la Afrika, vibao vya kutundikia funguo, na chekechea moja ya jirani wanataka mafumbo ya mbao ya kuunganisha. Nina laki 7, na nyumbani nimeshaulizwa mara mbili hizo laki 7 ni za nini.

Wenye uzoefu naomba mnilinganishie. Nirudi kwenye fremu ya mkono, ule msumeno wa bledi nyembamba, kama tulivyofundishwa shule? Ninunue jigso yangu yenye bledi nzuri? Nitafute skroli, ile mashine ya mezani ya msumeno mwembamba? Au nichore tu kwenye kompyuta, nipeleke kwa watu wa leza, mimi nibaki na msasa na vanishi?

BintiSeremala (Tanga)

Karibu kibandani. Nina skroli mwaka wa 4 huu, kabla yake nilikata kwa mkono miaka 2, na jigso ninayo.

Naanza na jigso maana ndiyo inayodanganya watu. Bledi yake ni nene na imeshikwa juu peke yake, chini inaning'inia. Ukiilazimisha kona inapinda kwa chini, ndiyo maana nina hakika ukigeuza hilo jina la maharusi utakuta mkato wa nyuma haufanani na wa mbele. Jigso ni ya kutobolea sinki kwenye kaunta. Kwa herufi ya urefu wa vidole vitatu unaionea.

Skroli ichukulie kama cherehani. Bledi nyembamba, imeshikwa juu na chini, inapanda na kushuka palepale, wewe ndiye unayezungusha mbao kama unavyozungusha kitambaa kwenye kola. Mikono yote miwili iko huru. Hata kile kiguu cha kukandamiza kipo. Mimi nilijifunza kushona kwa mama kabla sijashika randa ya baba, na siku ya kwanza kukaa kwenye skroli mguu wangu ulikuwa unatafuta pedali chini ya meza.

Sasa sikiliza jambo ambalo muuzaji hatakwambia: kazi haiko kwenye urefu wa jina, iko kwenye matobo. Lucy hana tobo hata moja, unaingia ukingoni unatokea ukingoni. Juma ana moja, kwenye ile "a". Zawadi ana matatu, na nukta ya "i" inadondoka usipoifikiria mapema. Abubakar ana matano! Kila tobo maana yake utoboe kwa drili, ulegeze bledi kwa juu, uipitishe mbao, uikaze tena, uivute mpaka ukiigusa kwa kucha ilie kama uzi wa gambusi, ndipo uwashe. Dakika nzima imekwenda na hujakata kitu. Mimi niliacha zamani kuchaji kwa herufi. Nachaji kwa tobo, na mteja akilalamika namwambia ampe mtoto jina la Lucy.

Leza255 (Dar)

Najua mimi ndiye adui niliyekuwa nasubiriwa, basi nimekuja mwenyewe.

Kama oda zako ni majina 40 ya kadi za mezani kwa ajili ya harusi, playwudi ya milimita 3, tafadhali usijitese. Mchoro mmoja, mashine inakata yote, matobo ya dada hapo juu kwangu hayana gharama ya ziada. Abubakar na Lucy bei moja.

Ila siwezi kukudanganya. Ukingo wa leza umeungua. Ni mweusi, unaacha masizi kwenye vidole na unanuka moshi siku kadhaa, kwa hiyo mafumbo ya chekechea ukikatiwa na mimi itabidi ukae na msasa kipande kwa kipande. Mashine yangu ni ndogo. Mteja akiniletea mninga wa milimita 18 namrudisha, maana itazunguka mara kumi na bado itakuwa imechoma badala ya kukata. Gundi ya ndani ya playwudi nayo ikiwa na donge, palepale leza haipiti, na unagundua wakati wa kutoa kazi. Kuna wanaoleta plastiki ya PVC wakitaka mapambo ya kuchanganya na mbao. Hiyo nakataa kabisa, ikiungua inatoa gesi yenye klorini.

Mchoro mmoja wa mtu mmoja pia haunilipi. Kazi za aina hiyo wapelekee wenye skroli.

FundiTaratibu (Mwanza)

Mnamwagia mwenzenu mashine wakati hata hajajua kama kazi yenyewe anaipenda. Fremu ya mkono na dazeni mbili za bledi havikunifikisha elfu 40, na umeme ukikatika naendelea.

Mkuu, chukua kibao, kikate mdomo wa V, kikaze ukingoni mwa meza kwa jiliwa. Kazi yako inalala juu ya ule mdomo, unakata ndani ya V. Meno ya bledi yaelekee chini kwenye mpini, mkono unakata ukivuta chini, ukirudi juu unapumzika. Waliofundishwa kukata kwa kusukuma ndio wanaovunja bledi tano kwa herufi moja.

Nilikata Ziwa Victoria kwenye playwudi ya milimita 6, na visiwa vyake, Ukerewe nikakiacha kikubwa kidogo kuliko haki yake kwa sababu mteja ni wa huko. Jioni nne. Pwani ya ziwa imejaa vighuba, kwa jigso usingethubutu. Nikaweka ubao wa bluu nyuma, visiwa nikavigundisha humo. Ile kazi imenifundisha kusoma mstari kuliko mashine yoyote.

BintiSeremala (Tanga)

Sibishi, nami nilianzia huko. Ila sema yote: jioni nne kwa ziwa moja, je, ulimchaji mteja jioni nne? Na kiwiko? Mkono ukichoka bledi haisimami wima tena, na vipande vya fumbo visipokatwa wima vinaingia upande mmoja tu. Mtoto wa chekechea akikigeuza hakiingii, analia, mwalimu anakupigia simu.

FundiTaratibu (Mwanza)

Nilichaji jioni mbili 😅 Kwa mafumbo nakubali, meza ya skroli imenyooka.

Mbongo Minnesota

Nawasalimu kutoka kwenye baridi. Gereji yangu ina skroli mbili, na kosa la ile ya kwanza ndilo naomba Kapi asilirudie.

Kabla hujauliza bei, uliza inashika bledi ya namna gani. Mashine nyingi za bei nafuu zinashika bledi zenye pini, yaani kijiti kidogo kimepita mwishoni kama msalaba. Kuifunga ni rahisi, lakini ili upitishe ile pini inabidi tobo lako liwe pana. Kwenye tumbo la "a" ndogo tobo linakuwa kubwa kuliko tumbo lenyewe. Unayoitaka ni inayobana bledi laini isiyo na pini, ya inchi 5, ambayo inapita hata kwenye tobo la milimita 1 na nusu. Zipo mashine zinazokubali zote mbili. Yangu ya kwanza ilikuwa ya pini tu, sasa hivi inakatia magari ya watoto na basi.

Bledi hizo zinakwenda kwa namba, kadiri namba inavyopanda ndivyo bledi inavyonenepa. Kwa playwudi ya milimita 3 hadi 6 mimi niko kwenye namba 1 hadi 3, kwa mbao ngumu ya inchi moja napanda 5 au 7. Tafuta zile ambazo meno machache ya mwisho chini yamegeuzwa kuangalia juu, zinafuta ule mraruko wa upande wa chini.

Usishangae pia bledi ikikataa kufuata mstari ukisukuma mbao moja kwa moja. Nyingi zina ukali zaidi upande mmoja kwa jinsi zinavyotengenezwa, kwa hiyo zinavuta kulia. Unaigeuza mbao nyuzi chache tu, unakata kama unatembea upande. Mikono ikishazoea hutakumbuka tena.

La mwisho, ndugu wengi wananiomba niwatumie mashine kutoka huku. Umeme wa huku ni volti 120, wenu 230. Itahitaji transfoma, na nauli ya chuma kizito itakula laki zako zote. Mashine nunua huko au agiza ya volti 230. Kwangu agiza bledi, dazeni 12 zinaingia kwenye bahasha.

Kijana wa Changamwe (Mombasa)

Hapo kwa leza kuna kitu mmesahau. Skroli inakata mafungu! Mimi napanga plaiwudi 4 za milimita 3, nazifunga pembeni kwa selotepu ya maboksi, juu nabandika mchoro. Mkato mmoja, mapacha wanne. Matobo ya Abubakar unayapitia mara moja unapata Abubakar wanne. (Ni kweli hakuna anayetaka Abubakar wanne, lakini nyota, samaki na mashua za kuuzia wageni zinakwenda hivyo.)

Ile selotepu usiitupe, ikipita juu ya mstari inazuia mbao kuungua, bledi inateleza. Kwa mbao ngumu nafunika uso mzima.

Nami niko jirani na wachongaji wa Kikamba, chama chao hapa Changamwe kipo tangu 1963, na mwanzoni niliogopa nitashindana nao. Wapi! Mgeni anayetaka twiga wa kuchonga hataki twiga bapa. Anayekuja kwangu anataka jina la mjukuu wake, na analitaka kesho asubuhi.

Mkaazi wa Malindi (Mji Mkongwe, Unguja)

Assalaam alaykum. Mie naona mmezungumza chombo, mbao mmeziruka.

Anayetaka kujua kazi hii ya kutoboa mbao ikawa kama lesi inafika wapi, aje asimame chini ya ile dispensari ya zamani ya Tharia Topan, upande wa bahari. Jengo lilianzwa 1887. Tazama roshani zake, si nakshi ya patasi kama milango yetu, ni ubao uliokatwa ukatoboka, mwanga unapita. Mimi nimezichora kwenye daftari nikazipunguza ziwe kivuli cha taa ya mezani. Katika michoro ile utajifunza jambo: hakuna kipande chembamba kilichopita kinyume na nyuzi za mbao bila kushikwa na jirani yake. Ukikata "l" nyembamba ya mninga huku nyuzi zinakwenda upande, itavunjika mkononi mwa mteja. Ndiyo sababu majina membamba fanya kwa playwudi, ambayo nyuzi zake zinapishana.

Mbao zenyewe: mfenesi ni wa manjano na laini kukata, nauweka pembeni ya mninga mwekundu na kapi la mpingo, napata picha ya rangi tatu bila tone la rangi. Mtiki mzuri kwa macho lakini una chembe kama mchanga ndani, unakula meno. Mvule vumbi lake linawasha pua na ngozi, vaa barakoa. MDF, ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, inakatika kama jibini, ila unga wake mwembamba una gundi ya fomaldehaidi, usikate chumba kimoja na unakolala.

Na akitokea mteja wa ng'ambo, kumbukeni mpingo umo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017, mninga na mkongo wa Afrika nao wakaongezwa kwenye mkutano wa Panama wa 2022. Ulizeni watu wa misitu kabla ya kufunga boksi.

Leza255 (Dar)

Taa ya roshani hiyo naomba mchoro, nilipe. Kwangu itatoka dakika 20.

Mkaazi wa Malindi

Na itanuka moshi sebuleni kwa mtu. Mchoro nitakutumia, kuuza sitauza.

Kapi la Mninga (Morogoro)

Wakuu nimerudi baada ya wiki tatu. Sijanunua skroli bado, nimepata moja ya inchi 16 (nafasi kati ya bledi na nyuma ya mashine) inayokubali bledi zote mbili lakini muuzaji hataki kuiwasha mbele yangu, anasema nikishalipa ndiyo nitaisikia. Nimemuaga. Kadi 40 za mezani nimempa Leza255, zimetoka safi, faida ndogo lakini sikutoka jasho.

Huku nyuma nilinunua fremu ya mkono kama alivyosema FundiTaratibu. Nimekata "Zawadi" kwa playwudi ya milimita 6, ile nukta nikaiunganisha na mkia wa "d". Imenichukua saa 3 na dakika 10, bledi 6 zimevunjika, zote katikati, meno bado makali kabisa. Tatizo ni bledi au ni mimi?

BintiSeremala (Tanga)

Ni wewe. Ingekuwa imechoka ingeanza kukata kwa shida kabla ya kukatika. Ikivunjika katikati na meno ni mazima, unaisukuma kwa ubavu kwenye kona. Ukifika kona acha kwenda mbele, endelea kupandisha na kushusha palepale bila kusukuma, geuza mbao taratibu mpaka bledi ijichimbie nafasi, ndipo uendelee. Kwa huyo muuzaji umefanya sawa. Halafu tuma picha ya hiyo "Zawadi", upande wa nyuma. Wa mbele kila mtu anaupiga picha.