Naomba ushauri: Magikarp yupi nimgeuze Gyarados?

Wadau wa Pokémon GO (mchezo wa simu wa kunasa viumbe) hapa Mombasa, hamjambo? Kumgeuza samaki Magikarp awe Gyarados kwataka peremende 400 za mchezo. Magikarp ukimnasa kwa beri ya Pinap wapata 6 badala ya 3 (akichomoka kwenye mpira, mlishe tena, beri ya kwanza ishapotea), na ukimtuma kwa profesa wa mchezo, 1 zaidi. Hesabu yake ni kama samaki 58. Ukitembea naye, peremende 1 kwa kilomita, kwa miguu lakini, matatu haihesabu.

Sasa, ninaye Magikarp mwenye kipimo cha shambulizi 15 ila uhai 2 (kila kipimo huishia 15). Namtaka wa reidi (pambano la kikundi dhidi ya bosi), mwenye mbinu za Waterfall na Hydro Pump. Nimgeuze huyu, au ningoje masika, maana wanaonaswa wakati wa mvua hawashuki chini ya 4 kwa kila kipimo? Na akitoka na Bite badala ya Waterfall, inafaa kuchoma TM (vifaa vya kubadilisha mbinu) za kawaida zinazobahatisha?