Naomba ushauri: kupiga picha La Botte na taa za wavuvi wa sambaza

Wandugu wa Bukavu, jambo kwenu. Naomba mawazo yenu.

Nataka kukusanya picha za mji wetu na ziwa lake: zile rasi tano zinazoingia Kivu, La Botte hasa, pamoja na nyumba za zamani za wakati wa Wabelgiji zilizobaki karibu na maji. Asubuhi sina shida. Jua linachomoza upande wa Rwanda, basi mabati ya mlimani yanawaka vizuri.

Shida ni usiku. Wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, wanafunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti, na ile miti mirefu ya wavu inachomoza mbele na nyuma kama vipapasio vya panzi. Taa zao zinavuta samaki juu, na picha ndiyo hiyo! Lakini nikiwa ndani ya mtumbwi, kila taa inatoka kama uzi uliopindapinda. Nikibaki nchi kavu na stendi ya kamera, wako mbali. Niongeze ISO (nguvu ya kamera kushika mwanga) nivumilie chembechembe, ao kuna mahali pa juu ambapo naweza kusimama?

Halafu ruhusa. Mpaka, daraja la Ruzizi na bandari siwezi kulenga kamera hata kidogo. Ila hata ukipiga maji matupu, mtu atakuja kukuuliza unatumikia nani. Ninyi munaanzia wapi: kwa shefu wa kartye (mtaa), ao kwa mwenye parsele (kiwanja) tu? Na wavuvi munawapa nini? Mimi naona kuwapelekea picha zilizochapishwa ni heshima kuliko makuta (pesa), lakini pengine wao wanaona vingine.