Mrejesho: zile dola 7,000 nilizohamishia Roth

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini programu ya kodi inanitoza kodi kwa dola 7,000 zote nilizotoa IRA ya kawaida (akaunti ya Marekani ya akiba ya uzeeni) kwenda Roth (IRA ambayo hela huingia zikiwa zimeshakatwa kodi) mwaka 2024, wakati hela yenyewe ilishakatwa kodi. Asanteni sana, hasa dada aliyesema nianze na fomu 8606, ya kuonyesha hela za IRA zilizoshakatwa kodi. 1099-R yangu (taarifa ya hela zilizotoka kwenye akaunti) ilikuwa na 7,000 kisanduku cha 1, cha jumla, na tena 2a, cha zinazotozwa kodi, nami nikaiamini!

Ila nilishangilia mapema. Mstari wa 6 wa 8606 unataka salio la IRA zote za kawaida hadi 31 Desemba, na ninayo nyingine yenye hela za kazi ya zamani, dola 21,000 ambazo hazijakatwa kodi. Nilishaisahau kabisa. Basi zote pamoja ni 28,000, na 7,000 gawa kwa 28,000 ni robo: katika nilizohamisha, 1,750 zimepona, 5,250 zimetozwa kodi. Kwenye 1040, fomu kuu ya kodi ya mapato, nimeandika 7,000 mstari wa 4a na 5,250 wa 4b.

Ushauri wa kuihamishia hiyo ya zamani kwenye 401(k) ya kazini (akiba ya uzeeni kupitia mwajiri), ili isihesabiwe mstari wa 6, ulinikuta nimechelewa, mwaka umeshafungwa. Nimeanza kuihamisha sasa. Mstari wa 14 una 5,250 pia, ila hizi ni zile zilizobaki katika 7,000 zilizoshakatwa kodi, na bado ni haki yangu miaka ijayo, kwa hiyo nakala ya 8606 nimeiweka bahasha moja na pasipoti.