Vita vya dini katika muziki wa metali: je, mauaji ya 1631 ndani ya Fort Jesus yanafaa kuimbwa?

Mpiga Gitaa wa Tudor

Assalaam aleikum, na salamu kwenu nyote. Mimi na wenzangu tuna bendi ndogo ya muziki wa metali, yaani roki nzito ya magitaa, hapa Mombasa, na kwa muda mrefu tumekuwa tukizisikiliza bendi za Ulaya zinazotunga nyimbo kuhusu vita vya dini vya karne zilizopita. Iliyotuvutia zaidi ni Sabaton ya Uswidi, ambayo sehemu ya kwanza ya albamu yake ya mwaka 2012, Carolus Rex, inahusu Vita vya Miaka Thelathini, yaani vita vya 1618 hadi 1648 vilivyowapambanisha Wakatoliki na Waprotestanti katika nchi za Kijerumani. Sasa tunataka kutunga wimbo wetu wenyewe, kwa Kiswahili, kuhusu mauaji yaliyotokea Fort Jesus mwaka 1631. Ninaloomba mnisaidie ni hili: inawezekanaje kuimba unyama wa namna hiyo bila kuugeuza kuwa jambo la kushangiliwa, na bila kuonekana tunapigia debe dini moja katika mji ambao waumini wa dini zote wanakaa mlango kwa mlango?

Sikio la Zamani

Ndugu yangu, umeanza na bendi nzuri, ila nakushauri uisikilize albamu hiyo kwa makini zaidi, kwa sababu ndani yake mna namna mbili za kuimba vita na hazilingani. Wimbo unaohusu pigano la Breitenfeld, Ujerumani, la Septemba 1631 unaimba pamoja na askari wa Gustav Adolf, mfalme Mprotestanti wa Uswidi; kiitikio chake kimejengwa juu ya ukelele wao wa vita, usemao kwamba Mungu yuko nao, na msikilizaji anajikuta amekwisha kujiunga na jeshi hata kabla hajajua lilikuwa likipigania nini. Unaofuata mara moja, A Lifetime of War, ni mzito na wa huzuni, nao unawatazama watu waliozaliwa na kuzeeka vitani. Kwangu mimi huo wa pili ndio wimbo wa vita vya dini, na wa kwanza ni gwaride tu, ingawa nakiri kwamba kwenye tamasha ni gwaride ndilo linalowainua watu.

Miezi minne kabla ya Breitenfeld, tarehe 20 Mei 1631, jeshi la Kaizari Mkatoliki wa nchi za Kijerumani lilivunja kuta za mji wa Magdeburg, ambao ulikuwa wa Waprotestanti, na watu wapatao 20,000 wakafa kwa upanga na kwa moto. Katika vita vyote, wanahistoria wanakadiria kwamba walikufa watu kati ya milioni 4.5 na milioni 8, wengi wao kwa njaa na maradhi. Muziki wa metali una zana za kulibeba jambo hilo: gitaa lililoshushwa sauti hadi likanguruma, ngoma za miguu miwili, na koo inayokwaruza maneno badala ya kuyapamba. Iron Maiden nao, katika albamu yao ya 2003, wana wimbo kuhusu Montségur, ngome ya kusini mwa Ufaransa ambako Wakathari zaidi ya 200, yaani Wakristo waliohesabiwa na Kanisa Katoliki kuwa wazushi, walichomwa moto Machi 1244 kwa kukataa kuikana imani yao. Mwendo wake ni wa kasi na gitaa zake ni za kusisimua, lakini ghadhabu yake imeelekezwa kwa wachomaji.

Mwalimu Mstaafu, Mji wa Kale

Vijana wangu, nimefurahi kuona swali hili, ijapokuwa muziki wenyewe unaniumiza kichwa.

Kabla hamjatunga ubeti wowote, mjueni Yusuf bin Hassan. Baba yake, mfalme wa Mombasa, aliuawa baada ya kukosana na Wareno, na mtoto akapelekwa Goa, koloni la Wareno huko India, akalelewa na watawa wa Mtakatifu Augustino, akabatizwa kwa jina la Dom Jerónimo, kisha katika miaka ya 1620 akarudishwa hapa kutawala chini ya macho ya kapteni wa ngome. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia Fort Jesus na watu wake, akamwua kapteni, akarejea Uislamu, na Wakristo waliokataa kusilimu wakauawa. Miongoni mwao hawakuwa Wareno peke yao. Walikuwamo pia Waafrika wa pwani hii hii. Mwaka uliofuata Wareno walileta jeshi kutoka Goa na likashindwa, lakini Yusuf mwenyewe akauhama mji kwa meli, nao wakarudi kuukalia. Mkimwimba kama shujaa wa dini mtakuwa mmewasahau waliouawa, na mkimwimba kama shetani mtakuwa mmemsahau yule mtoto aliyechukuliwa baada ya baba yake kuuawa.

Nendeni pia mkasome maandishi yaliyochongwa juu ya lango la ngome. Yanamtaja kapteni aliyeshika madaraka mwaka 1635, akiwa na umri wa miaka 27, na yanajisifu kwamba aliwatiisha watu wa pwani na kuiadhibu miji ya Pate na Siyu. Gwaride analolisema Sikio la Zamani ndilo hilo, ila hili ni la mawe.

Binti wa Makadara

Shikamoo, Mwalimu. Nimekusoma kwa heshima, lakini bado nina shaka. Waliokufa mwaka 1631 kwa Wakatoliki ni mashahidi wa imani, na kwa wengine hapa Yusuf ni mtu aliyewaasi wakoloni. Kipande cha wimbo kikikatwa na kusambazwa kwenye simu bila mwanzo wala mwisho wake, nani atakayesubiri ubeti wa saba ndipo aelewe kwamba mlikuwa mnalaani pande zote? Fort Jesus ina visa vingine. Kwa nini mchague hiki?

Mwalimu Mstaafu, Mji wa Kale

Marahaba, binti yangu. Hoja yako ina uzito, na kisa kingine kipo. Waomani waliizingira ngome tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698. Meli ya Kireno, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697, na ndani ya ngome tauni na njaa viliua wengi kuliko risasi. Kapteni alipofariki mwaka huo, aliyeshika uongozi wa kuilinda ngome ya Wakristo alikuwa Bwana Daudi wa Faza, Mwislamu, dhidi ya jeshi la Waislamu. Hata kule Ulaya, mwaka 1635 Ufaransa ya Kikatoliki iliingia vitani upande wa Waswidi wa Kiprotestanti dhidi ya Kaizari Mkatoliki mwenzao.

Mtunga Tenzi wa Kisauni

Nitasema la ufundi tu. Kiswahili kina utamaduni wa kuimba vita vya dini tangu zamani: Utenzi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, ni wa vita kati ya Waislamu na Warumi wa Mashariki. Mizani yake minane kwa kila mshororo inakaa vizuri juu ya mapigo manne ya ngoma, silabi mbili kwa pigo, na kile kina cha mshororo wa nne kinachorudi katika kila ubeti kinaweza kufanya kazi ya kiitikio. Msikimbize ngoma, kwani zikienda mbio silabi humezwa na mtabaki na kelele zisizo na kisa.

Mpiga Gitaa wa Tudor

Nawashukuru nyote, hasa Binti wa Makadara, kwa sababu wenzangu nao walikuwa na wasiwasi huo huo. Tumekubaliana kuuacha mwaka 1631 kwa sasa na kuchukua kisa cha ngome kuzingirwa 1696 hadi 1698, polepole, kwa mizani minane. Mwimbaji atasimama ndani ya ukuta pamoja na wagonjwa, na hatataja mshindi. Maneno ya langoni tutayatia katikati, yasomwe kwa sauti ya kawaida huku gitaa zimenyamaza, ingawa mpiga ngoma wetu bado anapinga kunyamaza. Mwalimu, tukishamaliza beti za kwanza, je, utakubali kuzipitia, hata kama hutausikiliza muziki wenyewe?