Naomba ushauri: kumpata na kumlipa dula

Habari zenu wapendwa. Hii ni mimba yangu ya kwanza, na natamani dula, yaani msaidizi wa kumtia moyo mama anapojifungua, awe nami tangu uchungu unapoanza. Najua hapimi wala hazalishi, hiyo ni kazi ya mkunga. Nataka mtu wa kunikanda mgongo, kunikumbusha kupumua na kutoniacha peke yangu. Hata Shirika la Afya Duniani, mwaka 2018, lilipendekeza kila mama awe na msindikizaji anayemchagua mwenyewe.

Kinachonisumbua ni malipo. Niliyezungumza naye anataka nusu sasa hivi. Je, nikijifungua kabla hajafika, hela inarudi? Akiugua, nani anakuja badala yake? Wapo wanaokubali kulipwa kidogo kidogo, au walio mafunzoni wenye bei nafuu? Na mume wangu akiwepo, wodini huruhusu wawili? Nisaidieni jamani, siku zinakaribia.